Uzi wa Udongo

Siku ya kwanza fundi hakushika sululu. Alikuja na chupa ya maji, kipande cha nondo na penseli nyekundu ya useremala nyuma ya sikio, akazunguka kiwanja cha mama mdogo pale Kibaha mara mbili bila kusema neno. Kwenye kona ambako mvua ilikuwa imekomba mchanga wa juu akachimbua kwa nondo, akatoa bonge la kijivu lenye mistari ya njano, akalivunja kwa mikono miwili. Ndani palikuwa na uso laini unaong'aa, kana kwamba mtu ameupaka mafuta ya nazi kisha akaufuta kwa kidole.

"Unaona, mwanangu? Udongo huu unajisugua wenyewe kwa wenyewe."

Akalowesha kipande kidogo, akakifinya mpaka kikalainika, akaanza kukiviringisha kiganjani. Kikawa kamba, kamba ikawa uzi, uzi ukafika unene wa kijiti cha mshikaki. Udongo wenye mchanga mwingi ungekuwa umekatika zamani. Huu uliendelea kurefuka. Akauzungusha kwenye kidole cha shahada kama pete, ukakaa bila kupasuka, naye akautazama kama mtu aliyepokea habari aliyokuwa akiitarajia.

Tangu siku hiyo nimemfuata kwa misimu miwili, na ninaandika haya kwa sababu kazi yake ikikamilika hufukiwa. Bati litasifiwa, vigae vitasifiwa, hata rangi ya geti itasifiwa na wapita njia. Alichokifanya yeye kiko chini ya ardhi, na hakuna mgeni atakayekaribishwa kukiona.

Mama mdogo alikuwa na sababu ya kumtafuta. Nyumba yake ya kwanza, vyumba vinne, iko hapo hapo kiwanjani, na ilianza kupasuka kabla haijapakwa rangi mara ya pili. Ufa wa kwanza ulitokea kona ya dirisha la chumbani, ukashuka kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali hadi chini. Masika mlango wa jikoni ukawa hausogei mpaka usukumwe kwa bega. Kiangazi mlango huo huo ukawa unaacha upenyo wa kupitisha mjusi. Mafundi watatu kwa nyakati tofauti waliziba nyufa kwa simenti, wakalipwa, wakaondoka, na nyufa zikarudi pale pale. Sote tumelelewa na ile methali ya kuziba ufa ili usijenge ukuta. Kwenye udongo huu methali hiyo imewagharimu watu fedha nyingi, kwa kuwa ufa unaozibwa wakati wa ukavu ukiwa wazi haupati nafasi ya kufunga mvua ikirudi. Ukuta unajisukuma kwenye simenti ile mpya na kupasuka pembeni yake.

Fundi alizisoma nyufa zile kabla ya kuwaza vyumba viwili vipya ambavyo mama mdogo alitaka vijengwe hapo kiwanjani. Ufa wa chumbani ulikuwa mpana juu na mwembamba chini. Akasema kona hiyo imezama, akatoka nje kutafuta iliyoizamisha, na hatua nne kutoka ukutani palikuwa na mwarobaini mkubwa ambao kila kiangazi ulikuwa ukifyonza maji ya udongo wa kona ile. Upande wa bafuni ufa ulikuwa kinyume, mpana chini na mwembamba juu. Hapo kona ilikuwa imeinuka. Alipochimba kidogo alikuta bomba linalodondosha tone baada ya tone, na udongo unaolizunguka umelainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Nyumba moja, kona moja inakaushwa, nyingine inanyweshwa, na kuta zilizo katikati zinavutwa huku na huku. Kila ufa aliupigia mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande, akaandika tarehe na upana. Niliona mkono wa mtu aliyezoea kuandika vitu vidogo kwa uangalifu.

Ana historia ya mikono hiyo. Kwao ni Kisarawe, juu kwenye vilima, na ujana wake aliupitisha kwenye kambi ya ujenzi wa barabara akibeba sampuli za udongo maabara. Huko ndiko alikojifunza kuviringisha uzi. Hata leo maabara za udongo hufanya kipimo hicho kwa mkono, juu ya kioo, mpaka uzi wa milimita 3 uanze kukatika. Aliyekianzisha ni Albert Atterberg, mkemia wa Sweden, aliyechapisha kazi yake mwaka 1911, na zaidi ya karne moja baadaye kiganja bado kinatumika. Nilipomsimulia, fundi alicheka kwa furaha na kuniuliza Mswidi huyo alikuwa akijenga nini.

Umahiri wa mzee huyu hauelezeki bila kueleza tofauti ya udongo wa kwao na huu wa Kibaha. Vilima vya Pugu na Kisarawe vina kaolini nyingi, ule udongo mweupe unaotengenezewa vyombo vya kaure. Iliwahi kuchimbwa huko, na mapango ya machimbo ya zamani sasa ni makazi ya popo. Kaolini ni udongo wa mfinyanzi, lakini ni mtulivu. Ukiitazama kwa kina ambacho jicho halifiki, imejengwa kwa vibamba vyembamba vilivyoshikana kama kurasa za daftari lililomwagikiwa gundi. Maji huizunguka nje, hayaingii kati ya kurasa. Udongo unaovimba una madini ya jamii nyingine, smektaiti, ambayo kurasa zake hazina gundi. Kati ya ukurasa na ukurasa kuna chembe za chumvichumvi, kama za sodiamu na kalisi, zinazoyaita maji, na maji yakiingia kurasa husogezana mbali. Yakitoka hurudiana. Gramu moja ya smektaiti safi, kurasa zake zikitandazwa zote, hufikia mita za mraba 800 hivi, yaani kiwanja kizima cha ishirini kwa arobaini kutoka kwenye udongo usiojaza kifuniko cha soda. Kaolini hufika makumi ya mita tu. Kwa hiyo maji yana mahali pengi zaidi pa kushika katika smektaiti kuliko katika kaolini.

Nguvu ya udongo huu unaovimba ndiyo inayowashangaza watu. Nyumba ya chini, kuta za tofali na paa la bati, huikandamiza ardhi iliyo chini ya msingi kwa tani 3 au 4 hivi kwa kila mita ya mraba. Udongo unaovimba sana, ukizuiwa usivimbe, unaweza kusukuma kwa tani 10 na zaidi kwa eneo hilo hilo. Ndiyo sababu ghorofa zito linaweza kutulia mahali ambapo nyumba ndogo ya pembeni yake inayumba. Udongo unainyanyua kama mgongo wa mtu aliyelala unavyonyanyua shuka.

Mabonde ya nchi yetu yana historia ndefu ya kusomwa kwa namna hii. Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aligundua kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kama mnyororo kutoka kilimani hadi bondeni: mwekundu unaopitisha maji juu, halafu wa mchanga, na chini kabisa mweusi mzito wa mbuga, ambao hupasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi huzama. Mpangilio huo aliupa jina la Kilatini la mnyororo, na ulimwengu mzima wa wataalamu wa udongo bado unalitumia. Neno letu mbuga nalo likaingia kwenye vitabu vyao kama jina la udongo ule mweusi. Kibaha shida ni kwamba udongo haujitangazi kwa weusi. Kwenye kiwanja cha mama mdogo, juu ulikuwa mchanga mzuri wa kupandia mihogo, na mfinyanzi ulianza futi moja na nusu chini. Mnunuzi wa kiwanja huonyeshwa mchanga.

Tatizo la Kibaha limefikishwa mbali. Charles Lucian, mhadhiri wa Dar es Salaam, alilifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu katika chuo cha ufundi cha kifalme cha Stockholm, KTH, na mwaka 2008 akaukamilisha kwa tasnifu inayohusu majengo yaliyo juu ya udongo unaovimba wa Kibaha. Sweden na Kibaha si wageni: ni nchi za Nordiki zilizoanzisha mradi wa elimu pale Tumbi mwaka 1963 na kuukabidhi kwa Tanzania mwaka 1970. Napenda kuwaza bonge la kijivu la Pwani likiwa juu ya meza ya maabara katika nchi ya Atterberg.

Fundi hakuyajua haya yote kwa majina. Aliyajua kwa kosa lake mwenyewe, na hulisimulia bila kulipunguza. Nyumba ya kwanza aliyojenga aliposhuka kutoka Kisarawe kuja Kibaha aliichimbia msingi kama alivyozoea kilimani, futi mbili na nusu, mchanga chini, zege, tofali. Ilipasuka mwaka wa pili. Alirudi kwa mwenye nyumba, akaomba ruhusa ya kuchimba pembeni ya msingi wake mwenyewe, akakuta mchanga alioumwaga chini umejaa maji. Alikuwa ametengeneza beseni. Udongo wa pembeni haupitishi maji, mchanga unayapokea yote, na msingi ukawa umekaa ndani ya bakuli, udongo wa chini ukinywa taratibu. Tangu hapo hamwagi mchanga chini ya msingi kwenye mfinyanzi, na kijana yeyote wa kwake akithubutu, atasikia.

Kwa vyumba viwili vipya alianza na shimo moja la kupimia, refu kupita kimo cha mtu, kijana mmoja ndani na mwingine juu ameshika kamba. Yeye alishuka mwisho. Alipapasa ukuta wa shimo kuanzia juu, polepole, kwa kucha ya kidole gumba. Mchanga. Kisha mfinyanzi mkavu wenye nyufa zinazoingia kisu. Kisha mizizi myembamba imelala ndani ya nyufa hizo. Kwenye mita 1 na nusu hivi nyufa zikakoma, mizizi ikaisha, udongo ukawa na ubaridi ule ule hadi chini. Akakwaruza mstari ukutani. Juu ya mstari huo udongo unajua kama ni masika au kiangazi; chini yake haujui. Msingi wake ungekaa chini ya mstari.

Vipimo vya nondo na upana wa zege vilitoka kwa mhandisi, naye hakubishana navyo hata kidogo. Alichokiongeza ni namna ya kuvifanya, na hapo ndipo nilipokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikatazama siku nzima.

Badala ya mtaro unaozunguka nyumba nzima, yalichimbwa mashimo ya nguzo, kila moja likishuka hadi kwenye udongo usiojua msimu. Chini kabisa shimo lilipanuliwa kuwa kama tumbo la mtungi, ili zege likikauka humo nguzo isiweze kuchomolewa. Kwa sababu ndivyo udongo ufanyavyo: ukivimba juu hushika ubavu wa nguzo na kuivuta kwenda nayo. Kwa hiyo nondo zilishuka mpaka tumboni, na sehemu ya juu ya kila nguzo ilivishwa nailoni nene mara mbili, katikati imepakwa grisi. Udongo ukipanda utateleza juu ya nailoni kama mkono unaoteleza kwenye mkono uliopakwa mafuta. Aliivisha mwenyewe. Alikunja pindo la juu la nailoni kwa uangalifu wa mama anayefunga kanga ya mtoto mgongoni, kisha akaikagua nguzo nzima kwa kiganja kutafuta mkunjo. Mkunjo mmoja ungeupa udongo mahali pa kushika.

Mashimo hayakuachwa wazi. Kila lililochimbwa asubuhi lilifunikwa kwa makuti yaliyoloweshwa, kwa kuwa saa chache za jua la Januari zinatosha kukausha kuta za shimo, na udongo uliokauka ukifungiwa nyuma ya zege utakuja kuvimba baadaye. Alasiri zege likamwagwa, tumbo la mtungi kwanza, likashindiliwa kwa nondo. Wafinyanzi wana methali yao, udongo uwahi ungali maji. Nilidhani ni ya vyungu tu. Fundi aliinong'ona mara tatu siku ile, kila alipotazama jua.

Juu ya nguzo ukaja mkanda wa zege utakaobeba kuta, na hapa alifanya kitu ambacho jirani mmoja alikuja kukicheka. Hakuulaza mkanda juu ya ardhi. Aliuundia sanduku la mbao lililoinuliwa juu ya vipande vya tofali, na zege lilipokomaa alitoa tofali na kuzichomoa mbao za chini moja moja. Ukabaki mwanya wa vidole vinne kati ya mkanda na udongo. Pembeni aliuziba kwa vibamba vyembamba vya zege ili kifusi kisiingie. "Hebu pitisha mkono," akaniambia kabla hajaziba. Nikaupitisha. Ndani palikuwa na giza na ubaridi. Nyumba nzima ingekaa juu ya nguzo zake, na chini ya kuta udongo ungekuwa na nafasi ya kuinuka na kushuka bila kumgusa mtu.

Sakafu aliitenga na kuta. Mfinyanzi wa juu ndani ya vyumba uliondolewa, ukaletwa moramu, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji kwa kopo kiasi cha kushikana tu. Jamvi, yaani zege la sakafu, likamwagwa likiwa na mwanya mwembamba kuzunguka kuta zote, ili likitikisika litikisike peke yake. Kuna wanaochanganya mfinyanzi na chokaa kuutuliza, na wajenzi wa barabara hufanya hivyo sana, lakini kazi hiyo inadai vipimo vya maabara na kuchanganya sawasawa. Fundi alisema kwa vyumba viwili moramu inatosha.

Kupima usawa alitumia mpira mwembamba wa maji badala ya pima maji ya kununua. Kijana huku, yeye kule, maji yakipanda na kushuka ndani ya mpira hadi yatulie. Alitulia nayo. Nilihesabu mpaka ishirini kila alama. Siku nzima alikuwa akipanga namna ya kuyazuia maji yasiingie chini ya nyumba, na hapa akayategemea yamwambie ukweli.

Wazee wa Kizaramo waliojenga kwa miti na udongo hawakuhitaji haya. Nguzo zilizochimbiwa, fito zilizofungwa kwa kamba, udongo uliokandikwa: nyumba ya namna hiyo hujipinda pamoja na ardhi, na nyufa zake hukandikwa upya baada ya mavuno kama kazi ya kawaida ya nyumbani. Tofali na simenti haviwezi kujipinda. Nyumba ngumu juu ya ardhi laini inamdai mjenzi afikirie mbele zaidi ya babu zake, na ninaamini mafundi wengi wangefikiria kama mwenye nyumba angekubali kulipia siku ya kupapasa shimo.

Kuta zilipopanda hadi kenchi, fundi alirudi kwenye maji. Gata pande zote za paa, na maji yake yaongozwe kwenye tangi. Sakafu ya zege ya upana wa mita 1 kuzunguka nyumba, ikiinamia nje. Karo lichimbwe upande wa chini wa mteremko, mbali na kuta. Mwarobaini ukatwe matawi sasa na uondolewe polepole, kwa sababu mti ukiondolewa ghafla udongo uliokaushwa miaka mingi utaanza kunywa na kona ile itapanda. Mama mdogo alikubali yote isipokuwa moja: alitaka vitanda vya maua chini ya madirisha. Fundi hakumkatalia. Alimwomba tu, "Mama, maua yako uyaweke kwenye vyungu." Vyungu vikanunuliwa, vile vikubwa vya njiani.

Masika ilikuja kwa nguvu. Wiki ya tatu ya mvua fundi alitokea bila kuitwa, suruali imekunjwa hadi magotini, akaanza na nyumba ya zamani. Ufa wa chumbani ulikuwa umefunga karibu nusu. Akapima kati ya mistari yake, akaandika tarehe mpya chini ya ile ya zamani. Bafuni, ambako bomba lilikuwa limetengenezwa, ufa haukuwa umepanuka. Akaandika hilo pia. Kisha akaingia vyumba vipya, akafungua mlango na kuufunga mara tano au sita kwa kidole kimoja, akisikiliza bawaba. Akachuchumaa nje, akamulika tochi ya simu kwenye tundu dogo aliloacha makusudi pembeni ya mkanda. Nilichuchumaa karibu naye. Udongo chini ulikuwa umepanda upana wa vidole viwili. Juu yake vilibaki vidole viwili vingine vya hewa.

Alikaa hapo kwa muda, mvua ikimpiga mgongoni. Halafu akanyanyuka, akarudisha penseli nyuma ya sikio, akamuuliza mama mdogo maji ya kufulia siku hizi anamwagia wapi.